Sindano Ilipogonga Nyekundu

Chuoni Dar es Salaam nilifundishwa kwamba sauti nzuri hurekodiwa ikiwa peke yake. Nililiandika hilo daftarini, nikalipigia mstari, na mwezi wa Shaabani nikaja nalo Ikwiriri pamoja na kinasa sauti cha kuazima na maikrofoni moja.

Redio za watu binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza, na moja ilitaka kasida za kupiga Ramadhani. Shangazi yangu alikuwa akiongoza kasida za wanawake wa madrasa yetu tangu sijazaliwa. Yeye hutangulia, wenzake huitikia. Hakusema kama anatamani kusikika redioni, ila wiki nzima hakugusa maji ya baridi, analinda koo.

Nikamwingiza kwenye ghala la mpunga, katikati ya magunia, ili mwangwi ufe. Waitikiaji nikawatoa nje.

"Sisi tukaitikie wapi, msomi, chooni?" mmoja akauliza, wenzake wakacheka.

"Zamu yenu baadaye," nikasema.

Shangazi akaimba ubeti wa kwanza, akafika mahali pa kuitikiwa, akanyamaza.

"Endelea, shangazi."

"Niendelee vipi, baba, na hawajanijibu?"

"Jifanye wamejibu."

Akajaribu. Bila waitikiaji hakujua apumue wapi. Pumzi ikamwishia, akapandisha sauti kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Sindano ya kupima sauti ikagonga nyekundu, yaani sauti imezidi, na kubaki hukohuko. Niliiona. Ilitosha kupunguza kitufe kimoja, au kumsogeza nyuma hatua mbili. Lakini nilikuwa nawaza kama kumkatiza ni utovu wa adabu, kama atajua sijawahi kufanya kazi hii bila mwalimu pembeni. Kaseti ikazunguka mpaka mwisho.

Wanawake wakaingia kusikiliza. Sauti ilitoka ikikwaruza kama bati linaloburutwa. Wote wakanigeukia.

"Sauti ya shangazi imechoka," nikasema.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba yalinitoka tu. Si kweli. Nilipata nafasi ya kuchagua nani aaibike, nikachagua.

Nani angebishana na mtu aliyetoka chuo? Kesho yake wakamweka mbele binti wa jirani, wakaimba wote pamoja barazani, nami safari hii nikakaa mbali na kupunguza kitufe. Ilitoka safi. Ilipigwa redioni mwezi mzima. Shangazi alikuwamo pia, safu ya nyuma, akiitikia. Ramadhani ikaisha, hawakumrudisha mbele.

Maulidi ya mfungo sita yalipokaribia nilimfuata uani kwake, akipepeta mchele.

"Shangazi, siku ile kosa lilikuwa langu. Mashine niliiweka vibaya."

Ungo haukusimama. "Najua. Koo langu nalijua mwenyewe."

"Nisamehe."

"Mimi nilishakusamehe, baba. Wenzangu wako madrasa sasa hivi, wanajiandaa na maulidi. Kawaambie wao."

Madrasa ilikuwa nyumba ya tatu. Njiani nilipanga maneno, nikayapangua, nikayapanga tena. Nilipofika mlangoni kasida ikakatika, wakaniangalia.

"Karibu, msomi. Umekuja kuturekodi tena?"

Yule binti alikuwa amesimama mbele, mahali pa shangazi, ananitabasamia.

"Hapana," nikasema. "Nimepita kuwasalimu tu."