Saa Tatu Iliyogeuka Saa Sita

Mtaani kwao walimwita Mama Kifurushi, na nusu ya waliomwita hivyo waliamini anauza vifurushi vya intaneti. Hakukosekana mtu wa kumsimamisha njiani: "Mama, hebu niungie cha wiki nzima." Naye hucheka na kusema hana cha kumuungia mtu. Vifurushi vyake vilikuwa vya aina nyingine. Alikuwa mmoja wa watu watano wa kampuni ndogo waliotengeneza Linux ya seva, yaani mfumo mzima unaoendesha zile kompyuta za maofisini zinazohifadhi kila kitu. Kazi yake ilikuwa kuchukua programu zilizoandikwa na watu wengine, kuzifunga moja moja kama vifurushi, na kuhakikisha kwamba zikiingia ndani ya mfumo hazigombani na zilizotangulia.

"Mimi ni mama mwenye nyumba," alimweleza mdogo wake wa kiume siku moja. "Kila mpangaji mpya lazima nimpekue mizigo."

Kazi hiyo hakuisomea darasani. Aliingia katika kampuni yao kama mpokea wageni, akakaa nyuma ya meza ya mlangoni miaka miwili akitazama wenzake wanavyofanya, akauliza, akachokonoa, akaharibu, akatengeneza. Fundi wa kwanza alipoacha kazi ikagundulika kwamba mpokea wageni ndiye pekee anayejua vitu vimekaaje. Tangu hapo ikawa hakuna toleo jipya la mfumo linalotoka bila sahihi yake, ile sahihi ya kompyuta yenye nenosiri refu alilolijua peke yake. Alikuwa na macho ya mshonaji: uzi ukichomoza, anauona.

Ndiyo maana ile programu ya barua pepe na kalenda haikumkaa moyoni tangu siku ya kwanza.

Bosi aliileta kwa furaha. Ilitengenezwa na kampuni ya mbali, na wateja walikuwa wameililia muda mrefu, kwa kuwa kalenda ya zamani haikuweza kuingia kwenye simu. "Dada, hii ikikaa vizuri ndani ya toleo letu, tumemaliza kazi," alisema. Mama Kifurushi akaifungua, akaanza kuipekua. Programu haikutaka kukaa chumbani kwake. Ilitaka orodha yote ya watumiaji iwe mikononi mwake, na kila anayeingia kwenye seva kwanza abishe hodi kwake.

"Mpangaji gani huyu anayetaka funguo za vyumba vyote?" aliuliza.

"Ndivyo ilivyoundwa," Bosi akajibu. "Ipe."

Akaipa. Wiki tatu alihamisha ratiba za zamani kuingia kwenye kalenda mpya, mstari kwa mstari, za wateja kumi na wawili. Kwa majaribio alitumia pia ratiba yake mwenyewe. Humo alikuwa ameandika zamu za mama yake kwenda kliniki: kila Jumatano ya pili, saa tatu asubuhi. Alhamisi moja akaichungulia kwenye simu, akakuta kliniki imeandikwa saa sita mchana. Akaangalia kwenye kompyuta: saa tatu. Akafuta, akaunganisha simu upya: saa tatu. Akarudia: saa tatu. Mara ya nne, saa sita.

Aliiweka simu mezani taratibu, kama mtu aliyeona mdudu asiyemjua.

Siku nzima alijaribu kuinasa ile hitilafu, nayo haikutaka kujitokeza tena. Aliwaandikia watengenezaji. Walimjibu kwa mistari miwili: wamejaribu kwao, hawajaona tatizo. Akamwandikia Bosi maelezo ya ukurasa mzima. Bosi akaja mwenyewe, akaegemea mlango.

"Dada, hiyo simu yako ina umri gani?"

"Simu haina neno. Ratiba mpya zote zinakaa sawa. Ni hizi za zamani zinazoruka, tena si kila mara. Nipe wiki moja."

"Mamlaka ya maji wanasubiri toleo Ijumaa. Nimeshawaahidi."

"Hata siku tatu."

"Weka sahihi, dada yangu. Kikitokea kitu tutarekebisha."

Ijumaa mchana akaweka sahihi. Nenosiri lile alilolichapa kwa miaka bila kufikiri alilikosea mara mbili. Mara ya tatu likakubali, na toleo likatoka. Jioni hakula. Mama yake akamuuliza kama anaumwa, akasema hapana, kichwa tu.

Mamlaka ya maji walikuwa na bwawa, na chini ya bwawa mfereji mpana wa zege, na kati yake lango la chuma. Kila Jumanne lango lilifunguka kwa muda wa saa mbili ili maji yasukume tope. Halikufunguliwa na mkono wa mtu. Programu iliyokuwa ndani ya seva ilisoma ratiba na kuamuru mota. Ratiba ilikuwa moja, lakini ilisomwa mara mbili: programu ya lango iliisoma palepale ilipohifadhiwa, na wafanyakazi waliisoma kwenye simu zao kupitia kalenda mpya. Na kiongozi wa kikosi kilichoshuka mferejini kuchimba tope alikuwa mdogo wake huyohuyo, ambaye kazi yake ilimpa jina la Tope. Dada mtu alikuwa akimtania kwamba hata akioga kwa juma zima, jina halitoki.

Jumanne hiyo Tope alimpigia saa mbili na nusu asubuhi. Nyuma yake pampu ilinguruma.

"Dada, nikimaliza huku napita kwa mama. Leo tuna nafasi kubwa, lango ni saa sita."

Mama Kifurushi alikuwa amesimama dirishani ofisini na kikombe cha chai. Ule mstari wa lango aliuhamisha yeye mwenyewe, aliuona kwa macho yake, na aliujua kama anavyojua namba ya mlango wa nyumba yao.

"Saa ngapi?"

"Sita. Imo kwenye simu hapa. Zamani walikuwa wanatuharakisha, tunatoka saa tatu kasoro…"

"Tope, toka humo! Watoe watu, lango ni saa tatu! Unanisikia?"

"Sikusikii, pampu hii! Nitakupigia nikipanda, simu naiacha juu isilowe." Simu ikakatika.

Alipiga tena. Ikaita mpaka ikakoma. Alipiga mara nne, na kila ilipoita aliiona kwa macho ya moyo ikitetemeka ndani ya mfuko wa vifaa, ukingoni, na hakuna mtu karibu.

Saa mbili na dakika thelathini na sita.

Alikaa kwenye kompyuta aingie kwenye seva ya mamlaka asimamishe programu ya lango. Zamani angeingia kwa pumzi moja. Sasa mlinda mlango alikuwa yule mpangaji mpya. *Tumekutumia namba ya uthibitisho kwa barua pepe,* skrini ikamwambia. Akafungua barua pepe. Hakuna kitu. Akasubiri. Hakuna kitu. Akaomba nyingine. Wenzake walikuwa wamesimama nyuma ya kiti chake.

Ikawa saa mbili na dakika arobaini na nne. Akaachana na skrini, akatafuta namba ya simu ya mezani ya kibanda cha lango. Aliyepokea ni mlinzi, mzee aliyekaa pale miaka mingi akiandika vipimo vya maji.

"Mzee wangu, shikamoo, lango linafunguka saa tatu na watu wako mferejini!"

"Marahaba. Hapana, mwanangu, hapa wameniambia saa sita. Na king'ora hakijalia."

"King'ora kinalia lini?"

"Dakika mbili kabla."

Dakika mbili, na pampu inanguruma, na watu wako chini mita sita kwenye tope la magoti.

"Baba, mimi ndiye niliyeiweka hiyo ratiba. Ni saa tatu. Zuia lango!"

"Siruhusiwi kuligusa, na hata kitufe chake sina. Inabidi uandike barua pepe kwa…"

"Baba, mdogo wangu yuko humo!"

Mzee akasema, "Usikate," na sauti ya mkono wa simu ukigonga meza ikasikika, na baada yake viatu vikikimbia kwenye kokoto.

Mama Kifurushi hakukata. Alibaki ameishika simu sikioni, akisikiliza kibanda kitupu. Kulikuwa na feni. Kulikuwa na mlango uliopigwapigwa na upepo. Kwa mbali sana kulikuwa na ule mngurumo wa pampu, uleule aliousikia nyuma ya sauti ya mdogo wake. Saa ya ukutani ofisini ilionyesha saa tatu kasoro dakika sita. Kasoro tano. Kasoro nne.

Mngurumo ukakoma.

Baadaye ndipo alipoelezwa. Mzee alipiga kelele ukingoni, hakuna aliyeinua kichwa. Akatupa kokoto, wakadhani ni ukingo unamomonyoka. Ndipo akaiendea pampu yenyewe akaizima. Chini kukawa kimya, watu wote wakatazama juu kwa hasira, wakamsikia. Wakaanza kupanda ngazi ya chuma, mmoja baada ya mwingine, watu saba wenye mabuti yaliyojaa tope. Tope alibaki wa mwisho kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wao, na kwa kuwa mmoja wao alikuwa amenasa mguu na ilibidi amng'oe.

Kwenye simu Mama Kifurushi alisikia king'ora. Kikalia kirefu, kikakata. Kisha ikaja sauti ambayo hakuwahi kuisikia wala hakuhitaji kuelezwa ni ya nini.

Maji yalimkuta Tope kwenye ngazi, katikati. Yalimtwanga ukutani, yakamtegua bega, lakini mkono mmoja haukuachia chuma, na wenzake wakamvuta kwa ukosi. Vifaa vyote vilivyobaki chini vilikwenda na maji.

Alasiri, hospitalini, mdogo wake akiwa amelazwa na bega limefungwa, dada mtu alisimama ukumbini akawapigia wateja wengine kumi na mmoja. Kwa kila mmoja alisema maneno yaleyale: fungueni ratiba za zamani kwenye seva, fungueni kwenye simu, mlinganishe. Wanane walikuta zinalingana. Watatu hazikulingana. Mmoja wa hao watatu alikuwa ofisi ya reli, na mwanamke aliyekwenda kuangalia aliporudi kwenye simu hakusema asante wala kwaheri. Alisikika tu akimwita mtu kwa sauti ya juu.

Bosi alifika na karatasi mkononi. Ilisema kwamba simu za wafanyakazi wa mamlaka ya maji hazikuunganishwa ipasavyo. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi ya Mama Kifurushi.

"Ni ya kutulinda sote, dada. Na wewe pia. Sahihi ya toleo ni yako."

"Najua ni yangu," alisema. "Ndiyo maana hii siweki."

Kesho yake nenosiri lake halikufungua kitu. Hakushangaa. Nakala ya ule ukurasa aliomwandikia Bosi alikuwa ameshaipeleka mwenyewe kwa mamlaka ya maji, pamoja na barua ya kukiri kwamba aliweka sahihi akiwa na mashaka. Walimhoji siku mbili, mara ya kwanza kwa ukali, mara ya pili kwa upole. Upole ulimuumiza zaidi. Mzee wa lango alipewa kitufe cha kuzuia mota. Kampuni ya Bosi iliendelea bila yeye.

Ilipita miezi minne. Siku moja watengenezaji wa ile programu walitoa toleo jipya, naye, aliyekuwa sasa akitengeneza kompyuta za watu sebuleni kwake, akasoma orodha ya mabadiliko kama kawaida yake. Kulikuwa na mistari sitini. Wa arobaini na moja ulisema: *Marekebisho madogo ya saa kwenye simu.*

Alimsomea Tope, aliyekuwa ameketi mkabala naye akijifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, bega la kulia likiwa halijapona.

"Hawakuandika kingine?" Tope akauliza.

"Hapana."

Tope akatikisa kichwa, akaendelea kula polepole. Dada yake akausoma tena ule mstari, kisha akahesabu kwa vidole ofisi ngapi duniani huenda hazijaliweka toleo jipya. Vidole vikaisha, akaacha.