Tulipomsindikiza Kwao

Nafundisha watoto Kiarabu na dini Jumamosi na Jumapili, Namuwongo, katika chumba kilicho nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kabla yetu kilikuwa stoo ya saruji, na mpaka leo ukikung'uta mkeka unatoa vumbi la kijivu. Mimi ni mtu wa Tanga, niliolewa huku, na Kiluganda changu ni cha kununulia nyanya tu. Kwa hiyo kamati ya msikiti ilinipa watoto wanaoongea Kiswahili: wa Wakenya, wa askari, wa Wakongo, na Waganda wachache ambao wazazi wao wanaamini mwalimu wa pwani anajua zaidi. Sijui zaidi. Nina sauti kubwa, basi.

Jumamosi tunaanza na herufi, halafu adabu: namna ya kusalimia, kula, kubisha hodi, kutowasema watu. Adhuhuri tunaswali na kunywa uji, kisha tunahifadhi hadi saa kumi. Jumapili tunaanza saa nane mchana, kwa kuwa asubuhi chumba ni cha watu wazima.

Mtoto ninayetaka kumweleza aliletwa na mama yake, Mkongo muuza vitenge, akiwa tayari amevaa hijabu ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Alikuwa na miaka minane.

"Mwalimu, huyu mutoto ni wa kwenu," mama aliniambia. "Baba yake alibakia Kongo, chini ya udongo. Mimi Jumamosi niko soko mpaka magaribi."

Jina la mtoto ni moja ya yale majina ambayo msikitini utayakuta na kanisani utayakuta. Nikaandika kwenye daftari, nikamwonyesha pa kukaa. Kama ningekuwa mtu wa kuuliza maswali, hadithi hii ingeishia hapo.

Alikuwa na kichwa, yule mtoto. Alisoma huku ameshika kidole gumba cha mguu, na akikosea alirudi mwanzo mwenyewe bila kuambiwa. Kila Jumapili alikuja na soksi nyeupe na viatu vyeusi vilivyopigwa rangi, amechoka kidogo, na mimi nikawa nawaambia wenzake waone jinsi mtu anavyojiandaa kuja chuoni. Baada ya mwaka na nusu alimaliza Juzuu Amma yote, sehemu ya mwisho ya Kurani, kwa kichwa na kwa kusoma. Wenzake wawili waliomzidi umri walikuwa bado wanahangaika katikati.

Kwetu mtoto akifika hapo haachwi arudi nyumbani kimyakimya. Darasa zima linamsindikiza kwao kwa matari na kasida, yeye mbele kavaa nguo mpya, na nyumbani wanapokea wageni kwa udi na sambusa. Desturi hiyo niliihamishia Namuwongo na watoto wakaipenda sana, hasa upande wa sambusa. Nikamwambia apeleke habari kwa mama yake.

Wiki ya kwanza alisema mama anaumwa. Ya pili, mama amesafiri. Ya tatu akasema chumba chao ni kidogo, hatutaenea.

"Kidogo ndiyo nini?" nikamjia juu. "Tutasimama nje! Sisi ni ng'ombe, tunahitaji zizi?"

Watoto wakacheka, yeye akainama. Nikadhani ni aibu ya umaskini. Ningeshindwaje kuijua aibu hiyo, nami nimekua nayo? Nikaamua kumaliza jambo bila kumsumbua mama mtu. Nilikaanga sambusa mwenyewe nyumbani, ndoo nzima, nikanunua na udi, nikapanga twende Jumapili, siku ambayo mama yake haendi sokoni. Nilijiona mwema sana wiki ile.

Tulivuka reli watoto thelathini na kitu, matari yanalia, mabodaboda wanatupigia honi za kutushangilia. Mtoto mmoja jirani yao alituongoza njia. Mhitimu wangu alikuwa mbele, nimemshika mkono. Mkono ulikuwa baridi na hakuimba hata ubeti mmoja. Nikambana kidogo, nikamwambia asiogope watu.

Tukakata kona na kuingia kwenye ua wao. Palikuwa na wanawake saba au wanane kwenye mabenchi, wote wamevaa kitenge cha aina moja, wanaimba wimbo wa kanisani. Mlango ulikuwa wazi, na ukutani ndani ilining'inia picha ya Yesu. Mama wa mtoto alikaa katikati yao, Biblia mapajani.

Kasida yetu ilikatika mbele kwanza, kisha katikati, na wale wadogo wa nyuma wakaendelea peke yao mpaka mtu akawafinya. Wimbo wa akina mama nao ukanyamaza. Mmoja wao, mnene, aliyeonekana ndiye kiongozi, akauliza kama asiyemtambua mtoto ndani ya hijabu, "Munatafuta nani, ndugu?"

Mama yule akanitazama. Sijapata kuona uso wa mtu unaoomba namna ile. Nikaelewa yote kwa mara moja: soksi nyeupe za kanisani, safari, ugonjwa. Alikuwa ametudanganya sisi, na kwa vyovyote alikuwa amewadanganya na wale.

"Tusameheni, mama zangu," nikasema. "Tumekosea nyumba."

Nikaanza kuwageuza watoto. Mhitimu wangu hakugeuka.

"Mwalimu, hatujakosea," alisema. "Hapa ni kwetu."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Lakini nilicheka, nikawaambia wale wanawake, "Huyu kapigwa na jua, kachanganyikiwa," na nikamvuta mkono. Akauchomoa. Alikwenda akasimama karibu na mama yake, na hijabu yake na yote, akasema, "Mama, huyu ni mwalimu wangu. Nimemaliza."

Mama akafunga Biblia.

"Ni mutoto yangu," akawaambia wenzake. "Nilisema anaendaka tuisheni. Anaendaka kwa hawa." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, mbele nilikuwa namufungia mu nyumba na kufuli, kutoka asubuhi. Nikaona batoto benu banapita mustari, hakuna anayetukana. Nikanunua kile kitambaa cha kichwa."

Nilitegemea makelele. Yule mnene alimtazama mtoto, akatutazama sisi na ndoo yetu, akasogea kwenye benchi. "Basi mukae," akasema. Sambusa zililiwa na pande zote mbili na hazikutosha. Mimi sikula hata moja. Ningependa kusema nilidanganya ili kumsitiri yule mama, na kwa kiasi ni kweli. Kiasi kikubwa zaidi, nilikuwa najisitiri mwenyewe, mwalimu wa pwani aliyepeleka matari kwenye kikundi cha maombi.

Kesho yake nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati. Nilikuwa radhi nifukuzwe mimi, lakini mtoto asifukuzwe, kwa kuwa sikuwahi kupata mwanafunzi kama yule na sidhani nitapata tena. Alinisikiliza, akasema kama mama anaridhia na mtoto anataka, yeye hana mlango wa kufunga. Nilitoka pale nimefurahi kupita kiasi.

Jumamosi mtoto hakuja, wala Jumapili. Wiki iliyofuata pia hakuja. Nikajua ni wale wanawake wamemzuia, na nyumbani nilimwambia mume wangu maneno juu yao ambayo siwezi kuyaandika. Alinijibu nile kwanza.

Wiki ya tatu mama mwenyewe akaja, ameshika hijabu iliyofuliwa na kukunjwa.

"Mwalimu, mimi nimemwambia aende," alisema. "Bamama ba kanisa pia banasema aende. Yeye njo anakataa. Anasema mwalimu alisema bongo, hapana kweli. Mara mbili."

Nilikwenda kwao jioni ile ile, bila matari. Nilimkuta anasugua sufuria kwa majivu, akaacha, akanawa, akaniamkia vizuri kama nilivyomfundisha. Nikakaa kwenye benchi. Nikamweleza kwamba nilitaka kumsaidia mama yake.

"Mama alisema kweli mwenyewe," alijibu. "Na wewe uliwaambia nimechanganyikiwa."

"Nilikosea. Nisamehe, mwanangu."

Akafikiri. "Nimesamehe. Na wenzangu umewaambia?"

"Bado."

"Waambie, Mwalimu. Wao walikusikia." Halafu, akiwa ameinama tena kwenye sufuria, akasema, "Nitakuja ukishawaambia."

Nililala vibaya siku zote nne zilizobaki. Kuomba radhi kwa mtu mmoja uani kwao ni jambo dogo. Jumamosi niliwapanga, nikasimama mbele yao, nikasema: siku ile nilijua nyumba ni ile ile. Nilidanganya, nikadanganya tena, na mwenzenu ndiye aliyesema ukweli. Walinitazama bila kupepesa. Kisha mmoja, Mganda mdogo wa safu ya mbele, akanyoosha mkono.

"Mwarimu, sasa wewe unasimama kwa ukuta?"

Sheria ni yangu mwenyewe: anayedanganya anasimama uso ukutani mpaka somo liishe. Wengi wao wamesimama pale, wengine kwa uongo wa kitoto kabisa, wa nani kamaliza uji. Nikampa mkubwa wao msahafu aongoze. Yule mtoto jirani aliyetuongoza njia alikuwa ameshatoka mbio kwenda kumwita mwenzake; nikaenda ukutani.

Ukuta ulinuka saruji. Nyuma yangu walikosea mara tatu na sikuruhusiwa kuwasahihisha. Walipokosea mara ya nne nikasikia mtu anavua viatu mlangoni, na sauti ninayoijua ikatoa salamu, ikawarudisha mwanzo wa sura. Macho yalinijaa, nikabaki nimesimama hivyo hivyo. Somo lilikuwa halijaisha.