Nta ya Bibi Visiginoni

Juzi mjukuu wangu alijipaka kitu visiginoni, akavaa viatu bila soksi, akaenda kukimbia. Kile kitu kilinukia asali, nikajikuta niko mtaani kwetu Ng'ambo, utotoni, siku ya mashindano ya mbio ya shule.

Nilikuwa na raba za kuazima, soksi sina. Bibi aliniita uani, akalainisha kipande cha nta kiganjani, akanisugua visigino na katikati ya vidole, midomo ikimchezacheza.

"Usimwambie mtu," alisema.

Nilijua nimefanyiwa dawa. Kumbe midomo ilikuwa ikitafuna tambuu tu, na nta aliimega kwenye fungu ambalo mjomba alikuwa alipeleke kuuza ushirika, ila hayo niliyajua ukubwani.

Nilishinda. Wenzangu wenye viatu walikaa vumbini wakipuliza malengelenge yao, miguu yangu mizima kabisa. Mwalimu aliponipa daftari la zawadi, nikaangua kilio.

"Mwalimu, sikushinda mimi. Bibi amenipaka dawa."

Akachuchumaa, akanivua raba moja, akainusa.

"Hii ni nta, mwanangu. Babu yangu alijipaka hii hii akibeba mizigo ya watu mpaka pwani. Mbio umekimbia mwenyewe."

Kisha akavua kiatu chake. Kisigino kilikuwa kimechubuka vibaya, tangu alipotuongoza kwenda kulima shamba la ujamaa.

"Mpe Bibi shikamoo yangu," alininong'oneza. "Mwambie kesho nitapita anipake na mimi. Naye asimwambie mtu."