Mwiba Uliotolewa Mguuni mwa Akinyi

Nilipokuwa mtoto, kwetu nje kidogo ya Mbita, samaki aliliwa ndani, mlango umerudishwa. Dani alisema kuna watu wakikuona unatafuna, jicho lao hukipeleka chakula mahali pengine mwilini, kikakaa huko kikikuumiza. Jicho hilo kwa Kijaluo huitwa sihoho. Dani ni nyanya yetu, mama ya baba, na katika boma lile neno lake lilikuwa la mwisho.

Mdogo wangu Akinyi hakuwa na subira ya kujifungia. Siku moja alikaa nje na kipande chake cha samaki, ngege, na Mama Atieno, mjane jirani yetu, akapita kuomba chumvi. Kesho yake Akinyi akaanguka kwenye mawe ya ufuoni. Wala hakulia. Baada ya siku chache muundi wake ulivimba chini ya goti, ngozi ikawaka na kung'aa, na akashindwa kuukunja mguu. Mama alitaka kumpeleka hospitali. Dani akauliza swali moja tu.

"Nani alimwona akila?"

Mganga alikuja, akachanja kwa wembe, akaweka pembe ya ng'ombe, akafyonza, akatema kwenye sahani. Mwiba wa samaki. Tuliuona sote, na mimi nikaamini kabisa, ningekosaje kuamini? Tukaambiwa tusubiri uvimbe ushuke. Mama Atieno akaacha kusalimiwa njiani, na kabla ya mavuno akahamia mji wa Awendo, kwa bintiye.

Uvimbe haukushuka. Ulipasuka wenyewe, usaha ukatoka, na homa ikamfanya Akinyi aongee na watu tusiowaona. Hapo ndipo Mama alisema liwalo na liwe, akambeba mgongoni akaenda naye hospitali bila kumuaga mtu. Akinyi alipona, lakini mguu ule ulikataa kurefuka. Hadi leo anatembea akiinamia upande mmoja.

Nikaja kusomea uuguzi Homa Bay. Mwalimu alinipa mfupa wa muundi niushike, akaeleza kwamba kwa mtu aliye hai mfupa una damu na uboho, na vijidudu vikiingia humo, mguu huvimba na kuwaka. Akagusa karibu na goti, mahali ambapo mfupa wa mtoto hurefukia. Pakiharibika, basi. Kisha akaingia kwenye ngozi, tabaka kwa tabaka, na mimi nikawa natafuta njia ambayo mwiba ungepitia kutoka tumboni hadi pale. Haikuwepo. Nilikasirika, nikaurudisha mfupa mezani.

Likizo ilipofika nikamweleza Akinyi yote, jikoni, akimenya viazi.

"Kwa hivyo ningepelekwa mapema, mguu ungekuwa kama wako?"

"Huenda ungekuwa."

Alimaliza kiazi alichoshika. "Basi afadhali ungekuwa mwiba," akasema. "Ukiwa mwiba, aliyeniumiza ni mtu baki. Usimwambie Dani."

Sijamwambia. Dani amezeeka, magoti yanamsumbua, na kila nikienda nyumbani hunyoosha miguu nimsugue. Bado husimulia jinsi alivyowahi kumwita mganga, la sivyo tungemzika mtoto. Mimi husugua tu na kuitikia. Mama Atieno alifia Awendo akiitwa mwenye sihoho, na katika boma letu tunaojua kwamba hakuwa na kosa ni mimi na Akinyi tu.