Mama Alivyolikalia Sufuria la Msiba

Mwaka ule tulikula maboga, mwanangu. Maboga asubuhi, maboga jioni, majani yake mboga, mbegu zake za kutafuna, maana mto Mkondoa ulifurika ukasomba mahindi yote. Nilikuwa kigori, tunakaa Mabwerebwere, Kilosa mjini. Maji yalipopungua kikaingia kipindupindu. Kikamchukua mjomba wangu, kitinda mimba wa kwao, ambaye mama alimbeba mgongoni akiwa mchanga.

Bwana afya akaja na pampu yake ya dawa. Akasema watu wazike, wasishikane mikono, na msibani hapo hakuna kula.

Sasa mama ndiye alikuwa mpishi wa misiba ya mtaa mzima, na sufuria kubwa lilikaa kwetu. Ndugu wametoka Malolo na matumbo matupu. Mbuzi kafungwa, anasubiri kisu.

Mama akalipindua lile sufuria, akalikalia.

Kaka yake mkubwa akamsimamia kichwani. "We mwanamke, inuka! Mdogo wetu azikwe kama mbwa, wageni hawajala?"

"Siinuki. Nitukane mpaka uchoke, mradi uko mzima."

Mpaka leo nikikumbuka, mwili unanisisimka. Mwanamke asiyejua kuandika hata jina lake! Machozi yanamdondokea mapajani, wanaume wamemzunguka, wanamwita mchawi, na yeye hasogei. Jua likamhama upande huu likamwakia upande ule. Watu wakaondoka na njaa yao na matusi yao, wakafika Malolo wazima, wote. Baada ya mavuno, yule kaka yake alikuja na kikapu cha vitunguu. Alikiweka miguuni pa mama, akakaa chini, akalia.

Basi juzi hapa Mikumi, mjukuu wangu Zuhura anapeleka vitunguu Kongo. Lori linanguruma barabarani. Nikamuuliza sindano ya homa ya manjano kachoma lini. Akacheka.

"Bibi nawe! Kadi ya chanjo ninayo, ina muhuri. Kuna mtu kanifanyia chapchap, sindano ya nini tena?"

Kadi kanunua, mkono haujaguswa! Nikaenda nikalikalia gunia lake la mwisho.

Mwanangu unayesoma, sikia. Kadi ya uongo itampita askari wa mpakani, lakini mbu hasomi muhuri. Kachome kwanza, usubiri siku utakazoambiwa, ndipo upande gari. Ukiambiwa nawa, nawa. Ukiambiwa msiba huu hauliwi, rudi kwako ukale. Na anayekuzuia njiani usidhani hakupendi; huenda yeye ndiye anayekulilia kabla hujafa. Mungu akupeleke na akurudishe, akupe wateja wa kukugombania, na maradhi ya watu yasikujue jina.

Zuhura alilia, akaniita bibi mkorofi. Dereva akapiga honi.

"Bibi, inuka basi, lori linaniacha!"

"Siinuki. Nitukane mpaka uchoke, mradi uko mzima."