Njoo Unishikie Shuka

Bibi msimamizi wa dobi katika hoteli yetu ya Kendwa hajapata kumgombeza mtu mbele ya watu. Mwenye kosa huitwa kwa upole: "Njoo unishikie shuka." Mnashika ncha, mnakung'uta, mnakunja, mnasogeleana, na kila mkunjo sauti yake inazidi kushuka, hata mikono ikikutana maneno yamekwisha. Kosa dogo hupewa taulo. Anayepewa shuka la kitanda kikubwa huenda akimsalia Mtume.

Juzi meneja alimfokea mwenzetu Mashavu ukumbini, mbele ya wageni, kwa doa la chai kwenye kitambaa cha meza. Mashavu alikuwa bado anajifuta machozi kwa mtandio chumbani mwa dobi aliposikia, "Bwana meneja, njoo unishikie shuka."

"Naam," akaitika meneja, akaja akicheka. Wakakunja mpaka mikono ikakutana. Bibi akalitazama shuka, akalikunjua lote.

"Halijakaa sawa, mwanangu. Tuanze tena."

Mara ya tatu meneja hakuwa akicheka. Aligeuza shingo, akanong'ona, "Mashavu, niwie radhi."

"Ahsante," akasema bibi, akimpokea ncha zake. "Sasa kayaseme kule kule ukumbini, kwa sauti ile ile."