Nadhiri ya Mfawidhi na Mifupa Yake

Siku yangu ya kwanza kazini sikuoneshwa meza wala kiti. Nilishuka treni Mlimba, nikapata lori lililonifikisha mahali likakwama kwenye tope, nikamalizia safari kwa miguu mpaka zahanati ya Masagati. Cheti changu cha utabibu nilikuwa nimekifunga ndani ya mfuko wa nailoni kama mtu anayebeba dhahabu. Nilitegemea kukaribishwa. Mlangoni nikakutana na mama mmoja mrefu, mikono ina damu mpaka kwenye viwiko.

"Wewe ndiye tabibu mpya?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nawa mikono. Salamu nyingine baadaye."

Huyo ndiye aliyekuwa mfawidhi, yaani mkubwa wa zahanati, muuguzi mkunga kwa kazi. Jina lake ni Redemta, lakini Masagati nzima hakuna aliyelitumia, hata padri. Ndani kulikuwa na mama aliyejifungua asubuhi ile na damu ilikuwa haikati. Mfuko wa uzazi ukishatoa mtoto unatakiwa ujikaze uwe mgumu kama ngumi. Ukibaki laini, mishipa inabaki wazi na mama anakwisha huku unamtazama. Wa yule mama ulikuwa laini. Mfawidhi aliniweka mikono tumboni pake akaniambia nisugue na nisiache mpaka aniambie. Yeye akachoma sindano, kisha akaendelea na kazi yake huku midomo ikichezacheza. Nilidhani anahesabu mapigo ya moyo.

Damu ilikata. Yule mama alipofungua macho nilitaka kukimbilia dawa za kuongeza damu, nionekane na mimi nimesoma. Mfawidhi akanikamata shati.

"Maji kwanza. Kijiko kwa kijiko. Mtu akirudi kutoka kule anapewa maji."

Masagati nilikaa mpaka nikazoea kula wali wa kwao bila mboga na kutukanwa bila kununa. Kisha nikahamishiwa kituo cha afya upande wa Mngeta, kwenye mashamba makubwa ya mpunga. Mganga mfawidhi wa pale alikuwa mtu mfupi, mkali kama pilipili kichaa, na alikuwa na neno moja alilotuimbia kila asubuhi: "Maumivu ukiyanyamazisha hujayatibu." Alikuwa na sababu. Vibarua wa mashambani walipoumwa viungo walikwenda kununua prednisoloni kwa wauzaji, wakaiita dawa ya nguvu. Hiyo ni dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, na ni dawa nzuri kweli. Mtu aliyeshindwa kukunja vidole jana, leo anashika jembe. Lakini ukiitumia kwa muda mrefu inakudai. Uso unavimba kama maandazi, sukari inapanda, na mifupa inapoteza madini yake taratibu, inabaki mitupu kama mabua yaliyoliwa na mchwa. Na huwezi kuiacha ghafla, kwa sababu mwili umeshasahau kutengeneza ya kwake. Ukiikata siku moja unaweza kumuua mtu. Unaishusha kama unavyomshusha mtoto mgongoni, polepole.

Baadaye nikaletwa hospitali Ifakara, na ndiko nilikofungia kazi. Nilikuwa kwenye kliniki ya magonjwa ya muda mrefu siku aliyoingia bibi mmoja amepinda mgongo, uso umejaa, anamshikilia binti yake. Sikumtambua. Yeye ndiye aliyenitambua.

"Tabibu, siku hizi unakaa kwenye kiti."

Sauti ile! Nilisimama kama mwanafunzi. Mfawidhi wangu, mrefu kuliko mlango wa zahanati, sasa alikuwa ananifika kifuani. Nilitamani kulia, nikajifanya natafuta kalamu.

Alikuwa na baridi yabisi. Vijana wengi wanadhani hilo ni jina la uzee, kwamba bibi akikaa kwenye baridi vidole vinakakamaa. Sivyo. Ni askari wa mwili kumgeukia mwenye nyumba: kinga inashambulia viungo vyenyewe, vinavimba, vinauma, mwishowe vinapinda. Ilimwanza baada ya kustaafu na kurudi kwao, hapa Ifakara. Na yeye, aliyewafukuza wauza vidonge Masagati kwa ufagio, alikuwa anajinunulia prednisoloni kimya kimya miaka hiyo yote ili aendelee kupalilia mpunga wake. Siku moja aliinua ndoo ya maji akasikia kitu kimelia mgongoni. Picha ya eksirei ilionyesha pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea. Hakuanguka wala hakupigwa. Ni ndoo tu.

Binti yake, Tekla, anaishi Dar es Salaam. Alisema wazi mbele yetu, akiniita Baba kwa heshima: "Baba, mama akishindwa kusimama mwenyewe namchukua. Siwezi kumwacha peke yake." Mfawidhi akanitazama. Nilimwelewa. Nyumba yake ndogo, shamba lake, kanisa lake, akina mama aliowazalisha ambao sasa wana wajukuu na humwamkia njiani, vyote vilikuwa vimeshikwa na nyonga zake. Nyonga ikivunjika kwenye mifupa ya namna ile, wengi hawanyanyuki tena.

Daktari bingwa aliyekuwa akija kwetu mara chache alikaa na mafaili, akavua miwani.

"Tukiacha prednisoloni, viungo vitafunga, hatashika hata kijiko. Tukiendelea nayo, mifupa itaisha. Hapa hatuchagui dawa nzuri, tabibu. Tunachagua ubaya tutakaoumudu."

Tukapima njia moja moja. Kwa viungo, methotreksati, inayoitia breki kinga ya mwili. Inamezwa mara moja tu kwa wiki, na anayeimeza kila siku kwa kusahau anaweza kufa. Kabla yake tulihakikisha hana kifua kikuu wala homa ya ini, kisha tukaanza kushusha prednisoloni kidogo kidogo. Kwa mifupa, kwanza madini ya chokaa na vitamini D, na dagaa waliwe na mifupa yao. Juu ya hayo, alendroneti, kidonge kinachozuia mfupa usiendelee kumomonyoka. Nacho ni cha wiki, na kina masharti: tumbo tupu, glasi nzima ya maji, kisha usilale kwa nusu saa, maana kikikwama kwenye umio, njia ya chakula kutoka kooni, kinaunguza kama mkaa.

"Jumapili," alisema Mfawidhi mwenyewe. "Alfajiri sijala, na nakwenda kanisani, silali." Bingwa alifurahi sana. Mimi pia.

Haikupita muda mrefu Mfawidhi akarudi, hawezi kumeza hata uji. Kifua kinawaka, na mate anayotema yana mstari wa damu. Bingwa alimuuliza alivyokuwa anameza kile kidonge.

"Kama mlivyosema."

"Na maji kiasi gani?"

Akajipangusa mdomo kwa kanga.

"Bibi, unameza na nini?"

"Na mate."

Nilihisi hasira inapanda mpaka masikioni. Mkunga aliyenifokea mimi kwa kumpa mgonjwa kidonge bila kuuliza kama ana maji! Nilimfuata kwenye benchi la nje nikaketi, nikamwambia, "Mfawidhi, kwa nini?" Alikaa akitazama vidole vyake vilivyopinda.

"Siku ile uliyofika Masagati, ulidhani midomo yangu inasema nini?"

"Nilidhani unahesabu."

"Nilikuwa naweka nadhiri. Nilimwambia Mungu, huyu mama akibaki, sitaonja kitu kabla ya Komunyo mpaka nife. Hata maji. Akabaki. Sasa wewe unataka nimdanganye nani?"

Nilikwenda kwa paroko, akaja kuzungumza naye kwa upole. Akamweleza kwamba Kanisa halimkatazi mgonjwa maji wala dawa, na kwamba nadhiri ya mtu binafsi yeye ana mamlaka ya kuifungua. Alipoondoka Mfawidhi akaniambia, "Padri mzuri, lakini kijana. Hakuwepo Masagati."

Kidonge kikasimamishwa, umio ukatibiwa ukapona. Lakini mifupa haikungoja, na prednisoloni ilikuwa bado haijaisha. Likabaki jambo moja, dripu ya zoledroneti, dawa ya ukoo ule ule inayopita kwenye mshipa mara moja kwa mwaka, isiyogusa koo. Ubaya wake uko kwenye figo. Za Mfawidhi zilipopimwa zilikuwa mpakani. Bingwa alisema atampa, ila kwa sharti moja: aje amekunywa maji ya kutosha tangu asubuhi. Kumwongezea maji mengi kwa mshipa hakutaka, kwa sababu miguu ilikuwa inavimba na moyo hakuuamini. "Akija mkavu, simchomi. Figo zikifa nitakuwa nimemuua kwa ajili ya mfupa." Tekla alihangaika mpaka dawa ikatoka Dar, akaja nayo mwenyewe. Siku ya bingwa kuja ikapangwa. Ndipo nikatazama kalenda: Jumatano ya Majivu. Misa jioni. Maana yake Mfawidhi angeshinda mkavu siku nzima.

Asubuhi hiyo nilikwenda nyumbani kwake kabla sijafika kazini. Tekla alikuwa amefunga begi la mama yake tayari kwa safari ya Dar, liko mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Amekataa, Baba. Nimempigia magoti." Ndani, Mfawidhi amekaa kitandani, ameshavaa kitenge chake cha kanisani. Glasi ipo mezani, imejaa, imefunikwa na kisahani. Nje gari lilikuwa limeshafika, dereva anapiga honi.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya figo. Yote yalinitoka. Nilivuta kigoda.

"Mfawidhi. Yule mama wa Masagati alipofungua macho, ulimpa nini?"

Akageukia dirishani.

"Mimi nilikuwepo," nikamwambia. "Padri hakuwepo, mimi nilikuwepo. Mungu alikujibu, na wewe ukasema maji kwanza. Uliniambia mtu akirudi kutoka kule anapewa maji. Au ulinidanganya?"

Honi ikapigwa tena. Tekla alikuwa amesimama mlangoni ameziba mdomo kwa kanga. Mfawidhi alitazama glasi muda mrefu, nikawa namwona anapigana na mtu nisiyemwona. Kisha akanyoosha mkono. Vidole havikuweza kuishika, nikamsaidia. Alikunywa kidogo, akasita, akanywa tena, machozi yakimtoka na kuchanganyika na maji. Hakuishusha mpaka ilipokwisha. Akamwambia binti yake, "Lete nyingine. Na hilo begi lirudishe ndani."

Alitundikiwa dripu ile. Usiku ule homa ikampanda, Tekla akapiga kelele kwamba ni malaria, maana huku kwetu kila joto ni malaria. Akapimwa, hana. Ni dawa yenyewe, mara ya kwanza huwa inafanya hivyo. Kesho yake jioni akaomba ugali. Figo zilipopimwa tena zilikuwa vilevile. Mwaka uliofuata tulimaliza kuishusha prednisoloni, na uso wake ukaanza kurudi ule ninaoujua, na vidole vikaweza tena kushika glasi.

Sasa nimestaafu. Naamka nakwenda Mofu kwa ndugu zangu kutazama mpunga, goti langu la kushoto linanisema njia nzima. Vijana wa kliniki hunipigia simu kuniuliza dozi, nami nawaambia dozi imeandikwa kwenye vitabu vyao. Waniulize mgonjwa anaabudu wapi na alimwahidi nani nini. Wanacheka, wanadhani mzee anazeeka.

Pingili ile iliyobonyea haikunyooka, wala haitanyooka. Lakini Mfawidhi anaishi kwake, na dripu anaipata kila mwaka. Nyumba yake iko njiani kuelekea kanisani, na kila Jumapili asubuhi namkuta nje, fimbo mkono mmoja na glasi mkono mwingine, anakunywa mbele ya kila anayepita. Juzi nilimwambia, "Mfawidhi, dripu ni mara moja tu kwa mwaka. Maji haya ya kila Jumapili hayahitajiki, figo zako ziko salama."

Alimaliza kwanza, akapangusa mdomo.

"Haya si ya figo," akanijibu. "Haya ni ya yule mama."